Somo: Kuunga kibodi ndogo ya swichi (60%) nyumbani, soma yote ndo uulize

Wakuu, inboksi imejaa swali lile lile, sasa naandika mara moja, atakayerudia namtupia linki. Hii ni bodi ya soketi, yaani swichi (kile kidude cha chini ya kila kitufe) inachomekwa tu, haiungwi kwa risasi ya kuchomelea. Vitufe 61, haina mishale wala namba za pembeni.

1. Chomeka bodi tupu kwenye kompyuta, gusanisha mashimo mawili ya kila soketi kwa kibano, herufi ikitoka freshi.

2. Funga stabilaiza (vishikizi vyenye waya vinavyozuia vitufe virefu visiyumbe): spesi, enta, bakspesi, shifti mbili. Ukizisahau utang'oa kila kitu.

3. Pleti (bamba linaloshika swichi) juu, swichi za kona kwanza.

4. Swichi zilizobaki. Hapa ndo nililia. Naangalia mpira, bodi nimeipakata mapajani, nakandamiza tu twende, ya M ikagoma nikaongeza dole gumba, nikasikia "tak", nikajua imeingia kumbe soketi imeng'oka na shaba yake, fundi simu akaniungia kawaya kembamba kama unywele, mpaka leo nikiandika "mama" naikumbuka ile siku. Kwa hiyo angalia pini mbili za shaba zimenyooka, shusha swichi wima, kidole cha mkono wa pili kiizuie soketi kwa nyuma. IKIGOMA ITOE, uangalie tena.

5. Kasha, skrubu, vifuniko vya herufi. Basi.

MASWALI

— Mkuu vitufe vinne havifanyi kazi, bodi mbovu hii?

Hatua ya 1 ulifanya?

— Nilikuwa na haraka.

Haya. Toa hizo nne uangalie pini, zimelala.

— Samahani mkuu, swichi zangu zina vimiguu viwili vya plastiki ila bodi haina matundu yake, nimekosea kununua?

Hujakosea. Hizo ni za pini tano, bodi yako ya pini tatu. Vile vimiguu havipitishi umeme, vinazuia swichi isiyumbe tu, kata na kikata kucha, ila nguzo nene ya katikati usiiguse. Vipande vinaruka hivyo, kimoja nilikikuta kwenye chai.

— Na spesi inayopiga kelele kama debe?

Grisi ya silikoni kidogo kwenye ncha za waya wa stabilaiza. Sio mafuta ya kula, yatageuka gundi.

— Mishale iko wapi?

Mstari wa pili wa somo. Shika kitufe cha Fn ubonyeze herufi zinazogeuka mishale, ziko kwenye karatasi ya bodi yako.

— Mi kompyuta haikuiona kabisa, kumbe waya wa USB ni wa kuchajia tu, hauna nyaya za data.

Duh, hiyo sikuiandika. Naiongeza hatua ya 1.