Jinsi ya kudai mgao wa haki katika shule za umma

Mara ya kwanza nilipodai kitu kwa ajili ya shule ya mwanangu, nilikipata: madawati 40. Nilikuwa mjumbe mpya wa kamati ya shule, nina hasira na nina muda, na ofisi ya elimu ilichoka kuniona kwenye benchi lake. Lori lilipoingia getini tulishangilia. Wiki mbili baadaye nikiwa kwenye foleni, mama mmoja aliniuliza mwanangu anasoma wapi. Nilipomtajia shule alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi madawati yetu yako kwenu."

Nilikwenda shuleni siku ileile nikapindua dawati moja. Chini ya ubao kulikuwa na namba ya shule nyingine, imesuguliwa kwa msasa lakini bado inasomeka. Ilikuwa shule iliyo mbali zaidi na barabara, ambayo wazazi wake hawakuwa na nafasi ya kushinda ofisini kama mimi.

Naandika mwongozo huu kwa sababu ya namba ile. Ukidai upendeleo kwa shule yako, mara nyingi utapewa kilichokuwa cha mtu asiye na wa kumsemea. Linalopaswa kudaiwa ni kanuni ya mgao: nani anapata nini, kwa kipimo gani, na kipimo hicho kimeandikwa wapi. Ni kazi ndefu kuliko kuomba madawati, lakini mzazi yeyote anaiweza akiwa na daftari, kalamu na wenzake wanne watano.

Hesabu kabla ya kusema

Usianze na "elimu bora kwa wote". Hakuna afisa anayeipinga, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuijibu. Chagua kitu kimoja kinachohesabika: walimu, vitabu vya kiada, matundu ya vyoo, au njia ya kumwezesha mtoto wa kiti cha magurudumu kuingia darasani. Kisha kihesabu katika shule tatu zilizo chini ya ofisi moja: ile inayosifiwa, ya kwenu, na ile ambayo kila mzazi anaomba mtoto wake asipangiwe. Ukienda na shule moja utaambiwa una shida ya shule moja. Ni pale unapoziweka pamoja ndipo mgao unapoonekana.

Wastani usiukubali. Tuseme shule ya kwanza ina wanafunzi 364 na walimu 13. Kila mwalimu ana watoto 28. Ya pili ina wanafunzi 728 na walimu 8. Kila mwalimu ana watoto 91. Ukizijumlisha unapata wanafunzi 1,092 kwa walimu 21, yaani watoto 52 kwa mwalimu, na hiyo 52 ndiyo itakayosomwa kwenye taarifa. Hakuna mtoto hata mmoja anayesoma katika darasa hilo la watoto 52.

Mwalimu naye mhesabu akiwa darasani. Kwenye orodha yumo aliye masomoni, aliye likizo ya uzazi, na aliyehamishwa ambaye jina lake bado halijafutwa. Hesabu siku tatu tofauti, usitegemee siku moja. Uliza pia kila mmoja ana miaka mingapi kazini, kwa sababu shule zenye mazingira magumu mara nyingi ndizo zinazopelekewa wanaoanza kazi, na wakishakomaa wanahama.

Halafu kaa darasani, kwa ruhusa ya mwalimu, kipindi kizima. Mimi nilikaa nyuma ya darasa la tatu katika kipindi cha kusoma. Kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto wanne, kimewekwa mbele ya wawili wa katikati. Msichana wa pembeni kulia alikuwa ameinamisha shingo mpaka sikio lake linagusa bega la jirani, na kutoka pale mwisho wa kila mstari ulifunikwa na kiwiko cha mwenzake. Mwalimu alipomwambia asome, alisoma vizuri kabisa maneno ya mwanzo, akafika kwenye kiwiko, akanyamaza. Akarukia mstari wa pili, akasoma, akanyamaza tena palepale. Mwalimu mwenye watoto wengi kiasi kile hakuwa na namna ya kujua kinachoendelea. Aliandika kwamba mtoto hajui kusoma, akamwita mwingine. Nilipoandika "kitabu 1 kwa watoto 4" kwenye jedwali letu, pembeni nilieleza habari ya kile kiwiko, na kikaoni ndiyo iliyomfanya mwenyekiti aache kuangalia simu.

Jambo moja zaidi la kuhesabu ni watoto wanaorudishwa nyumbani kwa sababu ya michango. Shule inaweza kutangazwa kuwa bure, lakini kuna karatasi za mitihani, mlinzi, sare, masomo ya ziada. Simama karibu na geti asubuhi ya siku ya mwisho ya kulipa. Hesabu tu wanaotoka. Usiwapige picha, wala usiwaulize majina; aibu waliyobeba inawatosha.

Fuata fedha mpaka shuleni

Miaka ya 1990 watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ambayo serikali ya Uganda ilitenga kwa kila mwanafunzi wa shule za msingi. Kati ya 1991 na 1995, shule zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya fedha hizo. Nyingi hazikupata chochote. Serikali ilipoanza kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa wilayani, na shule kutakiwa kubandika kiasi zilichopokea, mambo yalibadilika: kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Kulikuwa na mageuzi mengine wakati huo, kwa hiyo magazeti yasipewe sifa yote. Lakini katika matokeo yao ya awali kuna jambo lililonigusa zaidi: shule zilizo katika jamii zenye uwezo zilifanikiwa kupata sehemu kubwa zaidi ya haki yao kuliko za maskini. Ni kisa cha madawati yangu, kwa ukubwa wa nchi.

Kwa hiyo omba namba tatu: kiasi kilichopaswa kufika, kiasi kilichofika, na tarehe. Tarehe watu huisahau, ilhali fedha ya vitabu inayofika muhula ukiisha haikumsaidia aliyesoma muhula huo. Mwalimu mkuu huenda akakuonyesha kwa siri. Mshukuru, na usitumie karatasi yake. Omba namba zilezile ofisini kwa barua, ili zikitoka ziwe zimetolewa na ofisi. Mwalimu mkuu anaweza kuhamishwa kwa kosa la kukuambia ukweli, na watakaobaki bila kiongozi ni watoto haohao unaowatetea.

Dai kanuni

Kugawa sawasawa na kugawa kwa haki ni mambo mawili. "Kila shule ipate vitabu 100" inasikika vizuri mpaka ukumbuke kwamba moja ina watoto 200 na nyingine 900. Hata "kila mtoto kitabu kimoja" haimfikii mtoto asiyeona kama vitabu vyote vimechapwa kwa wino. Uholanzi, kuanzia 1985, iliwapa watoto uzito tofauti katika kugawa fedha za shule za msingi: mtoto ambaye wazazi wake hawakusoma sana alihesabiwa kama 1.25, na mtoto wa wahamiaji wenye elimu ndogo kama 1.9. Chile ilianzisha ruzuku ya ziada kwa wanafunzi wa familia maskini mwaka 2008. Ukiambiwa haiwezekani kumpa zaidi anayehitaji zaidi, una mifano.

Sheria ya kimataifa nayo iko upande wako, na ni wazi kuliko watu wanavyodhani. Mkataba wa UNESCO wa 1960 dhidi ya ubaguzi katika elimu, kifungu cha 4, unazitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba viwango vya elimu katika shule zote za umma za ngazi moja vinalingana, na kwamba mazingira yanayohusu ubora wake yanalingana pia. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 28, unasema elimu ya msingi iwe ya lazima na ya bure kwa wote. Angalia kama nchi yako imeridhia, kisha tafuta katiba na sheria yako ya elimu, maana hizo ndizo afisa anazoziogopa zaidi. Nukuu kifungu kimoja tu. Barua iliyojaa vifungu inapelekwa kwa mwanasheria, na huko inalala.

Ukijibiwa kwamba wazazi wa shule duni hawachangii ndiyo maana zimebaki nyuma, kumbuka kesi ya Serrano kuhusu fedha za shule huko California, Marekani, iliyoamuliwa 1971. Shule ziliendeshwa kwa kodi ya majengo ya wakazi. Mwaka wa masomo 1968–69, Beverly Hills, mji wa matajiri, ilitumia dola 1,231.72 kwa mwanafunzi na Baldwin Park, mji wa watu wa kipato kidogo, dola 577.49. Lakini wakazi wa Baldwin Park ndio waliotozwa kiwango kikubwa zaidi: dola 5.48 kwa kila dola 100 za thamani ya mali iliyokadiriwa, wenzao 2.38. Walijikamua mara mbili zaidi, wakapata chini ya nusu. Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema mfumo kama huo unawabagua maskini.

Barua na kikao

Barua iwe ukurasa mmoja. Yetu ilisomeka hivi:

"Sisi wazazi 14 wa shule tatu zilizo chini ya ofisi yako tumehesabu walimu waliokuwa darasani siku tatu za mwezi uliopita. Jedwali limeambatishwa. Tunaomba mambo mawili: nakala ya kanuni inayotumika kupanga walimu katika shule, na walimu wapya wa muhula ujao wapelekwe kwanza kwenye shule yenye wanafunzi wengi zaidi kwa kila mwalimu. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 21."

Peleka nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inarudi nawe ikiwa na muhuri wa mapokezi na tarehe. Bila muhuri, barua hiyo haijawahi kuandikwa.

Ona kwamba haisemi popote "shule yetu". Hapo ndipo tulipogombana. Kwa hesabu tuliyoifanya wenyewe, wa kwanza kupata mwalimu hangekuwa mwanangu wala mtoto wa yeyote kati ya wazazi tisa waliokuwa chumbani jioni ile. Baba mmoja alisimama akaniuliza nimetumwa na nani. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimwomba tu twende naye asubuhi kwenye ile shule ya mbali, iliyokuwa na wanafunzi wengi zaidi kwa kila mwalimu, akakubali kwa shingo upande. Alihesabu mwenyewe darasa la kwanza, akafika 80, na wengine walikuwa bado wamekaa chini nje ya dirisha. Ndiye aliyeipeleka barua. Kama utafanya jambo moja tu kati ya yote niliyoandika, fanya hilo: wapeleke wazazi wa shule iliyo nafuu wakaone.

Kikaoni aongee mzazi wa shule iliyoachwa nyuma zaidi, hata kama ninyi wengine mna maneno matamu kumzidi. Fanyeni naye mazoezi ya dakika tatu, na mmoja wenu aandike kila kinachosemwa na aliyekisema. Jiandaeni kwa majibu haya. "Hakuna bajeti": uliza walimu au vitabu vilivyopo vinagawanywaje, kwa sababu mgao hauhitaji fedha mpya ili uanze kuwa wa haki. "Tatizo ni la wizara": omba barua ya ofisi kwenda wizarani, na nakala yake kwenu. "Tutalifanyia kazi": uliza nani, na tarehe gani. "Shule yenu tutawapa kitu": hili ni gumu kulikataa, na ndilo litakalokuja mapema. Uliza kinatoka wapi.

Vyombo vya habari viwe hatua ya baadaye, siku zenu 21 zikishapita. Mpeni mwandishi jedwali na nakala yenye muhuri. Asiingie na kamera darasani kumtafuta mtoto mwenye nguo zilizochanika.

Sisi tulijibiwa siku ya 34. Kanuni ya maandishi haikuwepo; walimu walipangwa kwa mazoea na kwa kujuana. Muhula uliofuata walimu wawili wapya walipelekwa shule ile ya mbali. Mwaka mzima ukapita kabla ofisi haijabandika ukutani orodha ya shule zake zote na idadi ya wanafunzi kwa kila mwalimu. Siku ilipobandikwa nilikuta watu wamesimama mbele yake, kila mmoja anatafuta shule yake kwa kidole, halafu kidole kinashuka kwenye shule nyingine.

Rudini kuhesabu kila mwaka, mwezi uleule, kwa njia ileile, maana walimu huhama kimyakimya. Na andaeni mrithi mapema. Mwanangu alipomaliza shule ya msingi nilimkabidhi daftari mama mwenye mtoto wa darasa la kwanza. Alipekua kurasa zote, akaniuliza kwa nini shule iliyo ng'ambo ya mto haimo. Nilimweleza kwamba kufika kule kunachukua nusu siku. Akachukua rula, akaongeza safu ya nne.