Namna ya kufuatilia asili ya jina la ukoo la Kijerumani ukiwa Lamu

Ukitaka kujua asili ya jina la ukoo la Kijerumani, usianze na maana yake. Anza na mahali. Hilo ndilo ninalomwambia kila anayenijia, na pwani hii wanaokuja si haba: vijana wa Malindi, Watamu, Diani na hapa kwetu Lamu waliozaliwa na baba Mjerumani, wakakua na jina ambalo walimu hawalitamki sawasawa na ambalo wao wenyewe hawajui limetokea wapi. Mimi ni mwongozaji wa wageni. Kijerumani nilikipata kwa kuzungumza na wageni hao, baadaye kwa vitabu, na majina yao nimekuwa nikiyafuatilia kwa sababu nayapenda. Mtoto wa dada yangu naye anaitwa Krüger, basi jina hilo ndilo nitakalolitumia kuonyesha njia.

Mtu wa Lamu hatashangaa nikisema mahali kwanza. Kijana akipita barazani, wazee hawamuulizi jina lake maana yake nini. Wanamuuliza mtaa wake: wa Mkomani au wa Langoni? Mamake ni wa nyumba gani? Ujerumani nako jina moja laweza kuwa na asili mbili au tatu zisizohusiana, na kinachoamua ni kijiji.

Liandike jina kama lilivyo

Chukua cheti cha kuzaliwa cha Kenya, tafuta na karatasi yoyote iliyotoka Ujerumani, uziweke pamoja. Mara nyingi utakuta nukta mbili zimepotea. Cheti cha mpwa wangu kinasema Kruger. Barua za babake zinasema Krüger. Kanuni yao ni hii: pasipokuwa na nukta, ü huandikwa ue, ö huandikwa oe, ä huandikwa ae, na ile ß huandikwa ss. Kwa hiyo Krüger na Krueger ni jina moja, na unapotafuta kwenye intaneti jaribu maumbo yote matatu, pamoja na lile lisilo na nukta. Paul Kruger, aliyekuwa rais wa Makaburu wa Transvaal, alitokana na mtu aitwaye Krüger wa Berlin aliyefika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1713. Nukta zilibaki nyuma, jina likaendelea.

Lakini usichanganye kila linalofanana. Kröger ni ndugu wa Krüger, ni umbo la kaskazini-magharibi. Krieger ni jina jingine kabisa, maana yake mpiganaji.

Tafuta kijiji ndani ya nyumba yenu

Hapa ndipo watu wanapokosa subira, wanakimbilia kompyuta. Jibu mara nyingi limo kwenye kasha la mama. Pasipoti ya Ujerumani huandikwa mahali pa kuzaliwa, neno lenyewe ni Geburtsort. Kama mama alihifadhi hata nakala moja, una pa kuanzia. Tafuta pia kadi za posta, barua, nyuma ya picha, stakabadhi za hoteli. Zungumza na bibi taratibu, usimhoji. Muulize yule mgeni, yaani babako, alikuwa akisimulia nini juu ya kwao: kulikuwa na bahari, milima, mto? Kanisa lao lilikuwa la Kikatoliki au la Kiprotestanti? Swali la kanisa usiliache, utaona baadaye faida yake.

Bahasha usizitupe kamwe, maana namba ya posta ya Kijerumani inasema mengi. Tangu tarehe 1 Julai 1993 ina tarakimu tano, na ya kwanza hukupa upande wa nchi: 0 ni kusini-mashariki, huko Dresden na Leipzig, 1 ni Berlin na maeneo ya kaskazini-mashariki, 2 ni Hamburg, Bremen na pwani ya kaskazini, 5 ina Köln na Bonn, 7 ni upande wa Stuttgart, 8 ni München na kusini ya Bavaria. Ukiona tarakimu nne tu, barua ni ya kabla ya hapo. Ukiona herufi O au W mbele ya hizo nne, iliandikwa katika ile miaka michache baada ya nchi kuungana mwaka 1990, O ikiwa Mashariki na W Magharibi. Dada yangu alikuwa na bahasha iliyoandikwa 17291 Prenzlau. Prenzlau ni mji wa Uckermark, kaskazini mwa Brandenburg, na kwa jina Krüger hiyo ni habari nzito, kama nitakavyoeleza.

Wingi wa jina na ramani yake

Wajerumani wameyafanyia majina yao kazi kubwa. Kuna kamusi ya majina ya ukoo ya Ujerumani nzima iliyoanzishwa mwaka 2012 chini ya akademia ya sayansi ya Mainz, na inasomwa bure kwenye tovuti ya namenforschung.net. Imeandikwa kwa Kijerumani, ila ramani haihitaji lugha. Unaandika jina, unaona lipo wapi na kwa wingi gani.

Takwimu zake zimetokana na simu za mezani za kampuni ya Deutsche Telekom za mwaka 2005. Usizidharau kwa kuwa ni za zamani. Wakati ule karibu kila nyumba ilikuwa na simu ya waya yenye jina na anwani, jambo ambalo simu ya mkononi haikupi. Kumbuka tu kwamba simu moja ni ya nyumba nzima, kwa hiyo idadi ya watu ni kubwa kuliko idadi ya simu.

Jina la kwanza kwa wingi Ujerumani ni Müller, msaga nafaka. La pili ni Schmidt, mhunzi, na la tatu Schneider, mshonaji. Yanafuata Fischer, mvuvi, na Weber, mfumaji. Krüger limo katika majina 30 ya juu. Hilo lina uzuri na ubaya wake: habari zake ni nyingi, lakini huwezi kumwona Krüger mwingine ukasema ni jamaa yako. Jina adimu ndilo linalokupeleka moja kwa moja hadi wilaya yake.

Angalia ramani ya aina mbili. Moja huhesabu watu, na hapo Berlin na Hamburg zitang'aa kwa kila jina kwa sababu ni miji mikubwa. Nyingine huonyesha ni wangapi katika kila wakazi elfu au milioni. Hiyo ndiyo ya kuifuata. Ukiiangalia kwa jina Krüger, uzito uko kaskazini-mashariki, Brandenburg na Mecklenburg, ndiko iliko Prenzlau. Bahasha na ramani zimekubaliana.

Tahadhari moja. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili na baada yake, Wajerumani wapatao milioni 12 walikimbia au kufukuzwa kutoka Pomerania, Silesia, Prussia Mashariki na kwingineko, na sehemu kubwa ya nchi hizo leo ni Poland. Walihama na majina yao. Kwa hiyo babu aliyeishi Hamburg au Lübeck huenda alizaliwa Stettin, ambayo leo huitwa Szczecin, na hapo huenda kumbukumbu zake usizipate Ujerumani. Muulize bibi pia habari ya vita.

Sasa maana

Katika miji ya magharibi kama Köln watu walianza kushika majina ya ukoo tangu karne ya 12, na kufikia karne ya 16 yalikuwa yameenea hadi vijijini. Friesland, kaskazini, watu waliendelea kubadilisha jina la baba kila kizazi hadi amri ya Napoleon ya mwaka 1811. Wayahudi wa Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya zamani, walitakiwa kushika majina ya kudumu mwaka 1812. Kabla ya majina ya ukoo kushika, mtu aliitwa kwa kazi yake, kwa jina la babake, kwa mahali alipotoka au anapokaa, au kwa umbo na tabia yake. Kisha jina likaganda, na mjukuu wa mhunzi akaitwa mhunzi hata kama analima.

Krüger limetokana na Krug, neno la kaskazini na mashariki kwa nyumba ya kijijini iliyouza bia na kupokea wasafiri. Mwenye kuiendesha ndiye Krüger. Lakini Krug ni mtungi pia, na mahali pengine Krüger alikuwa mfinyanzi au mwuza mitungi. Ndiyo maana nikasema mahali kwanza: kwa mtu wa Uckermark, ile nyumba ya wasafiri ndiyo maana yenye nguvu. Kusini mtu wa kazi hiyohiyo angeitwa Wirth, na Silesia angeitwa Kretschmer, jina lililotoka kwa Waslavi. Mpwa wangu aliposikia habari ya bia alisita, akaniuliza, "Mjomba, nimwambieje bibi?" Nikamwambia ukweli wote: nyumba ile ilimpa msafiri pa kulala na farasi wake pa kufungwa, na ruhusa ya kuuza bia ilitoka kwa bwana wa ardhi. Ilikuwa kazi ya heshima kijijini.

Kama unataka kujizoesha kabla ya kugusa jina lako, historia yetu ina majina ya kutosha. Nenda kwenye ile nyumba iliyokuwa Posta ya Wajerumani hapa Lamu, iliyofanya kazi kuanzia 1888 hadi 1891 na sasa ni makumbusho. Hapo utakutana na Denhardt, jina la ndugu wawili, Clemens na Gustav, waliopata ardhi kwa Sultani Ahmed Simba wa Witu, huko bara karibu na Lamu, mwaka 1885, na kwa sababu hiyo Ujerumani ikaishika Witu hadi 1890. Denhardt ni ufupisho wa Degenhardt, jina la kale la mtu lililounganishwa kwa maneno mawili: degan, yaani askari mwaminifu, na hart, imara. Küntzel, yule aliyeuawa Witu mwaka 1890 pamoja na Wajerumani wenzake, lina maana ya Kunz mdogo, na Kunz ni Konrad kwa kifupi. Mkato kama huo ukiuzoea utaanza kuyatambua majina ya watu ndani ya majina ya ukoo.

Rebmann ninalipenda zaidi. Johannes Rebmann, mmisionari aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, alizaliwa Gerlingen karibu na Stuttgart, nchi ya mizabibu, na jina lake maana yake ni mtu wa mizabibu. Mwenzake Ludwig Krapf, aliyetuandikia kamusi ya Kiswahili, alitoka Derendingen karibu na Tübingen. Krapf ni ndoano, na pia ni andazi la kukaangwa mfano wa hamri. Kwa hiyo babu yake wa kale alikuwa mwokaji, au mtu aliyepinda mwili. Hapo jina peke yake halitoshi.

Halafu kuna wauza ngao za ukoo kwenye intaneti. Usiwape pesa yako. Ngao ilipewa mtu fulani na uzao wake. Haikupewa kila mwenye jina hilo. Kila kijiji chenye Krug kingeweza kuzaa Krüger wake.

Kufuata kizazi baada ya kizazi

Usajili wa serikali ulianza Prussia tarehe 1 Oktoba 1874 na Ujerumani nzima tarehe 1 Januari 1876. Ofisi yake huitwa Standesamt. Vitabu vya kuzaliwa hufungwa kwa miaka 110, vya ndoa miaka 80, vya vifo miaka 30; baada ya hapo huhamia kwenye nyaraka za umma. Lakini mzao wa moja kwa moja ana haki ya kupata nakala hata kabla ya miaka hiyo kwisha, akithibitisha kuwa ni mzao.

Kabla ya 1874 ni vitabu vya kanisa, na hapa ndipo jibu la bibi juu ya dini linapofaa. Vya Waprotestanti vingi viko kwenye tovuti ya Archion, ya kulipia. Vya Wakatoliki vingi viko Matricula, bure. Wa Brandenburg kwa kawaida ni Waprotestanti. Kwa waliotoka Pomerania, jaribu nyaraka za serikali ya Poland huko Szczecin. Maandishi ya zamani ni ya mkono wa Kurrent, ambao e yake inafanana na n. Chapisha alfabeti yake uiweke pembeni. Na mwanamke wa karne ya 18 utamkuta na -in mwishoni: Krügerin ni mke au binti wa Krüger, wala si ukoo mwingine.

Kwa Standesamt andika barua fupi kwa Kijerumani. Sentensi hii inatosha: Ich bitte um eine Kopie des Geburtseintrags meines Großvaters. Yaani, naomba nakala ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwa babu yangu. Ongeza jina kamili, mwaka na mahali, kisha nakala za vyeti vinavyokuunganisha naye: chako, kisha cha babako. Kama jina la baba halimo kwenye cheti chako, lishughulikie hilo kwanza hapa Kenya. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa asinyimwe jina la babake kwenye cheti. Jibu likifika, usiishie kwa babu. Soma na jina la ukoo alilozaliwa nalo mamake, maana hilo ni la pili la kufuatilia, nalo huenda likawa adimu kuliko Krüger na kukufikisha kijijini upesi zaidi.