Matone ya probiotiki kwa mtoto mwenye mchango: namna ya kuyatumia kwenye joto la Mtwara

Mtoto ananyonya vizuri na uzito unapanda, lakini jua likizama anakunja miguu tumboni, anakaza ngumi na kulia saa kwa saa. Huo ndio mchango. Huanza wiki ya 2 au ya 3, hukolea karibu wiki ya 6, na mara nyingi huisha wenyewe kati ya mwezi wa 3 na wa 4. Matone ya probiotiki, yaani mafuta yenye bakteria hai wazuri, yanaweza kufupisha kilio, hayakikatishi siku hiyohiyo.

Hatua ya 1: Mtoto aonwe kwanza

Nenda na kadi ya kliniki. Mchango hauleti homa. Ukiona joto la mwili la 37.5 au zaidi, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, tumbo lililokaza kama ngoma, utosi uliovimba, uvimbe kinenani au mtoto anakataa ziwa, wahi hospitali, iwe Ligula, Sokoine au zahanati iliyo karibu. Njiti, mtoto mwenye kinga dhaifu au mwenye mrija kwenye mshipa asipewe matone haya kwa uamuzi wa nyumbani. Bakteria hawa ni hai, wanaweza kuingia kwenye damu.

Hatua ya 2: Chupa ipi

Achana na picha ya mtoto anayecheka, soma maandishi madogo. Unatafuta *Lactobacillus reuteri* (siku hizi pia huandikwa *Limosilactobacillus reuteri*) DSM 17938. Hiyo namba ya aina ya bakteria ndiyo muhimu: chupa iliyoandikwa "probiotiki" tu haikuambii kitu. Uchambuzi wa 2018 uliokusanya majaribio yenye watoto 345 ulionyesha kuwa wanaonufaika ni wanaonyonya maziwa ya mama. Kwa wa maziwa ya kopo ushahidi ni hafifu, na mimi nisingemshauri mzazi atumie hela hapo kwanza.

Dozi ni bakteria milioni 100 kwa siku, kwa chupa nyingi matone 5 mara 1. Hakikisha kwenye karatasi ya ndani. Kama chupa ina vitamini D na mtoto tayari anapewa vitamini D, usijumlishe. Vidonge vya watu wazima, mtindi na asali hapana kabisa. Asali inaweza kuleta sumu ya botulizimu, inayopoozesha misuli.

Hatua ya 3: Joto, na kutoa matone

Hapa ndipo chupa nyingi huharibika bila mtu kujua. Chupa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25, na mchana wa Januari mjini Mtwara hupita hapo kwa mbali. Mafuta yanabaki na sura ileile, harufu ileile, ila bakteria wameshakufa. Dukani uliza chupa ilikaa wapi. Ikiwa ilikuwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua, nenda duka jingine. Ukisafiri kwenda Newala au Nachingwea, usiiweke mbele ya dereva. Itie kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, iliyokauka ndani, pamoja na kifuko cha barafu kilichofungwa kwa kitambaa.

Nyumbani iweke kwenye friji, isiwe sehemu ya kugandisha. Umeme ukikatika, usifungue mlango hovyo. Huna friji? Chungu ndani ya chungu, katikati mchanga mbichi, mahali penye kivuli na upepo. Ila huku pwani wakati wa masika hewa ina unyevu mwingi, maji hayakauki haraka, basi chungu hupoza kidogo tu. Hapo afadhali friji ya jirani.

Kabla ya kutoa, tikisa sekunde 10. Bakteria hutuama chini, usipotikisa mtoto anapata mafuta matupu. Mafuta ya friji huwa mazito, kwa hiyo shika chupa kiganjani dakika 1 au 2, kisha inamishe na usubiri tone lianguke lenyewe. Ukiibinya, hutajua umetoa matone mangapi.

Hesabu kwenye kijiko kikavu kilichochemshwa kikapoa. Moja kwa moja mdomoni hapana: ncha ikigusa mate, uchafu unaingia kwenye chupa. Usichanganye na maziwa ya moto, huua bakteria. Wala kwenye chupa nzima ya maziwa, kwa sababu mtoto akiyabakiza, na dozi imebaki. Mpe asubuhi kabla ya kunyonya, saa ileile kila siku.

Hatua ya 4: Daftari

Andika kilio kilianza saa ngapi na kikaisha saa ngapi. Bila hivyo, usiku mmoja mbaya utakufanya uone dawa haifai. Yape matone walau wiki 1 kabla ya kuhukumu.

Hatua ya 5: Kuacha

Siku 21 hadi 28, basi. Wiki 3 zikipita na daftari halionyeshi tofauti, acha na urudi kliniki, usiongeze matone.

Na ikifika saa mbili usiku hasira zimekupanda, mlaze chali mahali salama, mwite bibi yake au jirani, toka nje dakika 5. Kumtikisa mtoto kunaweza kuvujisha damu kwenye ubongo.