Kupima jinsi minyororo inavyojipanga ndani ya chombo

Gololi moja moja zikimiminwa chomboni na kutikiswa vizuri hujaza takriban asilimia 64 ya nafasi. Ziunge ziwe minyororo, chombo kilekile kitabaki na uwazi mwingi zaidi. Kinachouzuia uwazi huo usijazwe ni vitanzi, na jambo hili unaweza kulipima mezani.

Hatua ya 1. Tafuta mnyororo wa gololi ndogo za chuma, ule wa kuvutia pazia la dirisha. Kabla ya kuukata, ukunje mpaka ugome, kisha hesabu gololi zilizounda duara hilo dogo kabisa. Andika namba hiyo. Matokeo yote yanaitegemea.

Hatua ya 2. Kata kwa koleo mafungu ya minyororo yenye gololi 2, 4, 8, 16, 64, na fungu la minyororo mirefu zaidi. Tumia bomba angavu lililo wazi pande zote mbili, lisimamishe juu ya meza. Upana wake uwe angalau mara 20 ya kipenyo cha gololi, kwa kuwa karibu na ukuta mpangilio huvurugika.

Hatua ya 3. Usipime ujazo kwa kuzamisha majini. Gololi hizi ni tupu ndani, na pale kijiti kinachoziunganisha kinapopita pana mwanya. Maji hupenya, viputo vinatoka, na kipimo kinasogea huku unakitazama. Tumia mizani: pima minyororo 10 ya fungu husika, upate uzito wa kila gololi pamoja na sehemu yake ya vijiti, kisha ugawe uzito wa fungu zima kwa uzito huo, upate idadi ya gololi. Rudia kwa kila urefu, maana idadi ya vijiti hubadilika.

Hatua ya 4. Mimina, kisha gongagonga bomba kwa nguvu ileile hadi kimo kiache kushuka. Hapa subira ni lazima.

Hatua ya 5. Kiwango cha kujaa = 2Nd³ ÷ 3D²h. N ni idadi ya gololi, d kipenyo cha gololi, D upana wa ndani wa bomba, h kimo.

Chora grafu. Kiwango hushuka kadiri minyororo inavyorefuka, halafu mteremko hulegea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walilionyesha hili mwaka 2009, wakachungulia ndani ya rundo kwa eksirei. Mnyororo mfupi kuliko namba yako ya hatua ya 1 hauwezi kufunga kitanzi. Mrefu unaweza, na kitanzi kidogo hakibonyei: uwazi wa katikati yake haujazwi kwa urahisi na gololi nyingine.

Mwisho, inua bomba taratibu. Rundo la minyororo mifupi litamwagika. La mirefu, iliyosokotana, litabaki limesimama.