Kusimamia watu usiowaona: ninavyofanya na wanukuzi wangu tisa

Ninasimamia wanukuzi tisa, watu wanaosikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika neno kwa neno. Mimi nafanyia kazi chumba cha nyuma cha nyumba yangu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi. Wanne wako Nairobi na viunga vyake, watatu Kisumu, wawili Mombasa. Mmoja wao nimefanya naye kazi miaka mitatu na hatujawahi kuonana. Ukikabidhiwa timu ya namna hii, anza na jambo ambalo mimi nilichelewa kulishughulikia: saa.

Niliwahi kuandika, "Faili hili nalihitaji saa 3." Nilimaanisha saa tatu asubuhi. Dada wa Kisumu akatazama kompyuta yake, akaelewa saa tisa alasiri, na akaleta kazi safi wakati mteja ameshaniuliza mara nne. Kosa lilikuwa langu. Siku hizi naandika "15:00, saa tisa alasiri, Jumanne", hata kama inaonekana ni kurudia. Kama mteja wako yuko Uingereza, kumbuka kwamba wao husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Saa nne asubuhi ya London ni saa sita mchana kwetu mwezi Julai, lakini Desemba ni saa saba.

Agizo la kazi nalo liandikwe lote: faili gani, linatakiwa lini, majina ya watu na mahali yaandikweje, na nani aulizwe kukiwa na shaka. Ofisini mtu angegeuka tu akuulize. Akiwa peke yake nyumbani hubaki na swali lake, anaona haya kukusumbua, na nusu siku inapotea.

Kila asubuhi kabla ya 9:00 kila mtu hunitumia mistari mitatu: jana nimemaliza nini, leo nafanya nini, nini kinanikwamisha. Huo wa tatu ndio ninaousoma kwanza, na ndio unaodanganya zaidi. Kijana mmoja wa Rongai aliandika "hakuna" wiki nzima huku kazi yake ikizidi kuchelewa. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia barua ya onyo. Kabla ya kuituma nikampigia simu, tukaongea habari za nyumbani kwanza, ndipo akasema hedifoni zake zilikufa upande mmoja na alikuwa akirudia kila dakika ya sauti mara tatu. Hakuwa na pesa za kununua nyingine, na aliona aibu kusema kwenye kikundi. Nilinunua mpya siku hiyohiyo. Kwa hiyo piga simu kwanza, mtu mmoja mmoja, bila haraka. Mimi nimetenga Jumatano kwa simu hizo, dakika kumi na tano kila mtu, na siziahirishi.

Usiwalinde watu kwa kamera. Nilijaribu kuwataka wote wawashe kamera siku nzima. Bando ziliisha na kazi haikuongezeka hata kidogo. Sasa nahesabu dakika za sauti zilizonukuliwa vizuri, basi.

Stima na intaneti zipangie mapema. Kenya Power hutangaza maeneo yatakayokatiwa umeme kwa matengenezo, nami huwaomba watu wangu waangalie matangazo hayo na kuniambia siku moja kabla. Kazi ya kesho wanaipakua leo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikawa ya kujikokota, waliokuwa na mafaili tayari kwenye kompyuta zao waliendelea kunukuu. Atakayelazimika kwenda saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti za kulipia, asiache faili lolote huko: ndani yake mna sauti za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatuhusu sisi pia.

Malipo yaende kwa M-Pesa tarehe ileile kila mwezi. Ukichelewa, waambie kabla hawajauliza.

Wale wanne wa Nairobi hukutana nami mjini kila baada ya miezi mitatu, tukala chakula cha mchana. Ni jambo zuri, ila lina hatari yake. Safari moja tuliamua mezani kubadili zamu za wikendi, na wenzetu wa Mombasa wakasikia siku nne baadaye, zamu zao zimeshapangwa upya. Waliumia, na walikuwa na haki. Sasa tukiwa mezani hatuamui zamu wala malipo. Likizuka jambo, naliandika kwenye kikundi jioni hiyohiyo na kusubiri hadi wote tisa wajibu.