SOMO: Umenunua bastola mpya ya bei nafuu Marekani? Ipitishe hapa kwanza kabla ya kuiamini

Wanajamvi, salaam. Somo hili ni la sisi tunaoishi Marekani, ambako mtu anayeruhusiwa kisheria anaingia dukani na kutoka na bastola mpya kwa pesa isiyofika mshahara wa wiki. Nazungumzia zile zisizozidi dola 350 hivi: Hi-Point C9, Taurus G2C na G3C, Smith & Wesson SD9, Ruger Security-9. Zote zinatumia risasi ya milimita 9. Walioko nyumbani wako chini ya sheria nyingine kabisa, nitaligusa hilo kwenye maswali.

Msimamo wangu nauweka mapema. Sina neno na mtu anayenunua bastola ya bei ndogo. Wengi wetu ndiyo tunayoimudu. Ninachokipinga ni mtu kuilaza kando ya kitanda ikiwa na risasi usiku uleule alioinunua, kwa sababu tu ilimkaa vizuri mkononi pale kaunta. Mkono unakwambia umbo na uzito. Hauwezi kukwambia kama itafyatua utakapoihitaji, wala kama itanyamaza usipoihitaji.

HATUA YA KWANZA: ihesabu kuwa ina risasi

Hata kama muuzaji ameikagua mbele yako. Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamfikia mtu, na kumbuka ukuta wa mbao na jasi hauzuii kitu. Kidole kikae nje ya triga. Toa magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye mpini) KWANZA, kisha vuta slaidi (kile kipande cha juu kinachoteleza) nyuma ifungiwe hapo, uangalie chemba (tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi) kwa macho na kuigusa kwa ncha ya kidole kidogo. Mpangilio huo usiugeuze. Ukikoki wakati magazini bado imo, unatoa risasi moja na kuingiza nyingine palepale, halafu unaamini bastola iko tupu. Watu wamekufa kwa kosa hilo moja.

HATUA YA PILI: karatasi

Linganisha namba ya bastola iliyochorwa kwenye fremu na ile iliyo kwenye risiti. Ipige picha uihifadhi. Ikiibiwa, polisi watakuuliza namba hiyo kabla ya kukuuliza rangi. Kisha ingia kwenye tovuti ya kiwanda uone kama toleo lako limeitwa kurudishwa kwa marekebisho. Dakika kumi, umemaliza.

HATUA YA TATU: ikague ikiwa tupu, na ujue unachokishika

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapodanganyika na mguso wa kwanza.

Ukishika Hi-Point C9 utashtuka kwa uzito. Ikiwa tupu inakaribia gramu 820, na sehemu kubwa iko juu, kwenye slaidi, kwa hiyo inaelemea mbele. Watu wanaicheka. Ila unene ule una sababu yake. Bastola hii haina kufuli kati ya mtutu na slaidi. Kinachozuia chemba isifunguke mapema, wakati gesi bado ina nguvu, ni uzito wa slaidi pamoja na springi. Slaidi yenyewe imemiminwa kwa zamaki, aloi ya zinki yenye alumini, magnesi na shaba. Zamaki inamiminwa kwenye kalibu kwa gharama ndogo kuliko kuchonga chuma, na hapo ndipo bei iliposhuka. Mtutu ni wa chuma na haujongei. Magazini inabeba risasi 8 tu.

Taurus G3C ni kinyume chake. Ni fupi, iko kwenye gramu 620, magazini ina risasi 12. Hii, kama bastola nyingi za kisasa, mtutu wake unafungamana na slaidi. Vinarudi nyuma pamoja kidogo, kisha mtutu unainama na kuiachia slaidi iendelee peke yake. Ni ubunifu wa John Browning, wa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Triga yake ina safari ndefu laini kabla ya kufika mahali pagumu. Dukani utadhani ni mbovu. Ni umbile lake tu. Jambo ninalolipenda: fataki ya risasi (kile kiwashio kidogo kwenye kitako chake) isipolipuka, unaweza kuvuta triga mara ya pili bila kukoki upya.

SD9 VE, toleo la kabla ya SD9 2.0, ina triga nzito ya karibu kilo 3.6. Mwenye vidole dhaifu aijaribu kabla ya kulipa. Ruger Security-9 ina nyundo iliyofichwa ndani na magazini ya risasi 15. Angalizo lake ni kipini cha kuifungulia, kinachotoka kabisa. Fanyia kazi juu ya kitambaa cheupe kisipotee.

Sasa ukaguzi wenyewe, kwa bastola yoyote. Pitisha mwanga kwenye mtutu, kusiwe na kitambaa wala grisi iliyoganda. Kama ina sefti ya kidole (SD9 haina), iweke, vuta triga: isilie kabisa. Toa sefti bila kugusa triga: isilie pia. Vuta slaidi uiachie, irudi mpaka mwisho bila kusukumwa. Angalia kama vilengeo vimekaa katikati. Kagua midomo ya magazini kwa kidole. Ikiwa na makali yasiyo sawa au imepinda upande mmoja, risasi itapanda vibaya. Kwenye bastola za bei hii mimi huitilia shaka magazini kabla ya kitu kingine chochote.

HATUA YA NNE: ivue, isafishe, ipake mafuta

Yale mafuta inayotoka nayo kiwandani mara nyingi ni ya kuzuia kutu ghalani, hayakusudiwi kulainisha. Yafute, pitisha kitambaa kwenye mtutu, kisha weka tone moja moja kwenye reli za slaidi na sehemu ya nje ya mtutu inaposuguana. Chemba na fataki zisiguswe na mafuta.

Soma hii mara mbili: G3C, SD9 na nyingi za aina hiyo zinakutaka UVUTE TRIGA ili slaidi itoke. Risasi iliyosahaulika kwenye chemba inaondoka wakati huo. Kabla ya kuvua, rudia hatua ya kwanza yote, na sanduku la risasi liwe chumba kingine. Hi-Point nayo ina shida ya namna nyingine: slaidi ya C9 inatolewa kwa kugonga kipini kwa nyundo ndogo na patasi ya pini, kwa hiyo wenye haraka hawaisafishi kamwe. Wewe isafishe.

HATUA YA TANO: uwanja wa shabaha

Miwani na vizuia masikio ni lazima. Chukua risasi 200 za mazoezi, zile zenye ncha ya duara iliyovikwa shaba, za gramu 7.5 hivi, ambazo kwenye sanduku zimeandikwa greni 115. Sanduku la 50 kwa kawaida halizidi dola 20. Andika namba 1, 2, 3 kwenye magazini zako kwa kalamu ya wino mzito, na uwe na daftari.

Usijaze magazini mara ya kwanza. Weka risasi MOJA, piga. Kisha mbili. Kama bastola ina kasoro ya kujifyatua yenyewe slaidi inaporudi, utaijua ikiwa na risasi moja iliyobaki, si kumi na moja. Ikipita hapo, weka tano, kisha jaza.

Kila inapokwama, andika: risasi ya ngapi, magazini ipi, aina ipi ya risasi, na ilikwamaje. Risasi imegonga mteremko wa kuingilia chemba ikasimama? Ganda tupu limebanwa kwenye dirisha la slaidi? Fataki ina alama hafifu na haikulipuka? Matatizo yote yakiwa kwenye magazini namba 2, tatizo ni magazini namba 2. Yakitokea kwako na si kwa mwenzako anayeshika imara, kaza kiganja. Bastola nyepesi inapiga teke, na mkono uliolegea unainyima slaidi mahali pa kujitegemeza, hairudi yote.

Mambo mawili ya hatari. Ukivuta triga kukawa kimya, endelea kuelekeza mtutu kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua, baruti inaweza kuchelewa. Na ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, ACHA. Huenda risasi imebaki ndani ya mtutu, na inayofuata itaupasua. Toa magazini, fungua chemba, ita msimamizi wa uwanja.

Ukimaliza, nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula. Moshi na vumbi la pale vina risasi ya madini, yaani ile metali yenye sumu. Nguo zile usimbebee mtoto nazo.

HATUA YA SITA: hukumu

Risasi mia za mwanzo naisamehe bastola kukwama mara moja moja, vyuma vinazoeana. Mia ya pili siisamehi. Ikiendelea, irudishe kiwandani, usianze kuchonga kwa tupa ukifuata video. Hi-Point wanatoa dhamana ya maisha hata kwa aliyeinunua mkono wa pili. Ikipita, piga pia sanduku moja la risasi zile zenye ncha iliyotobolewa unazokusudia kuweka nyumbani. Umbo lake ni tofauti, na kuna bastola zinazomeza za mazoezi vizuri halafu zinakataa hizo.

HATUA YA SABA: inalala wapi

Dola 150 ulizookoa kwenye bei ziende kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli na darasa la siku moja. Hapa sina mjadala. Juu ya kabati si mahali. Chini ya godoro si mahali.

MASWALI YA WANACHAMA

Kipanga: Mkuu, niko hapa kwa visa ya mwanafunzi. Rafiki yangu raia anasema ataninunulia kwa jina lake. Inakubalika?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, na muepuke mwenye wazo hilo. Sheria ya shirikisho inawakataza walio hapa kwa visa za muda kumiliki silaha au risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama mwenye leseni halali ya uwindaji. Mwenye green card anaruhusiwa, ilimradi hana kizuizi kingine, na ununuzi wa bastola dukani unaanzia miaka 21. Rafiki yako akijaza Fomu 4473, ile ya shirikisho ya kununulia silaha dukani, akidai ni yake huku ananunua kwa pesa yako, ni kosa la jinai kwake, na wewe unaweza kufukuzwa nchini. Ukiwa na shaka juu ya hali yako, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuingia dukani.

Mama Wawili: Mume wangu amenunua, nina watoto wa miaka minne na saba. Anasema magazini akiitoa inatosha. Naogopa.

Jibu: Dada, una haki ya kuogopa. Kutoa magazini hakutoshi, risasi ya chemba inabaki, na G3C inafyatua hata bila magazini. Ifungiwe ikiwa tupu, risasi zifungiwe mahali pengine, ufunguo usiwe kwenye bakuli la sebuleni. Kufuli za waya mara nyingi zinapatikana bure kituo cha polisi kupitia mpango wa Project ChildSafe. Niongeze jambo tunaloliona aibu kulisema: mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa silaha za moto hapa Marekani, na 26,328 kati yao walijiua. Mkubwa yeyote nyumbani akipita kwenye kipindi kizito, peleka bastola kwa ndugu au dukani inakoruhusiwa kuhifadhiwa mpaka apone. Namba ya msaada ni 988, usiku na mchana.

Dereva wa I-35: Naendesha lori majimbo yote. Leseni yangu ya Texas inanilinda?

Jibu: Kaka, si kila mahali. Texas tangu 2021 wengi wanabeba bila kibali, lakini ukiingia Illinois au New York ni habari nyingine. Sheria ya shirikisho ya 1986 inakuruhusu kupita nayo toka jimbo unakoruhusiwa hadi jingine unakoruhusiwa, ikiwa tupu na iko mahali usipoweza kuifikia. Lori halina buti, kwa hiyo iwe ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa ufunguo, na si kile kijidroo cha dashibodi. Waulize na waajiri, kampuni nyingi zinakataza. Kanada usivuke nayo kabisa.

Mgeni Jamvini: Nikirudi likizo Desemba naweza kumpelekea mzee bastola? Kule shamba kuna wezi.

Jibu: Usithubutu. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kibali hutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Huku nako kuisafirisha nje bila leseni ni kosa. Kagua hata mifuko ya begi unalokwenda nalo uwanja wa shabaha, uchague jingine la safari. Risasi moja iliyosahaulika inatosha kukulaza rumande. Mzee mnunulie taa za sola za uani na mbwa wawili.

Mshika Daftari: Napiga mkono wa kulia, risasi zote zinakwenda chini kushoto. Nisogeze kilengeo?

Jibu: Kiache. Hiyo kwa mpigaji wa mkono wa kulia karibu kila mara ni kuishtukia bastola, unaikandamiza kabla haijalia. Mwombe mwenzako achanganye risasi bandia ndani ya magazini bila wewe kujua iko wapi. Ikifika hiyo ya bandia, utauona mtutu ukichovya chini na hakuna mlio. Ukiweza kuvuta triga mtutu usitikisike, risasi zitarudi katikati. Zisiporudi, hapo ndipo tuzungumze habari ya kilengeo.

Kipanga: Nimekuelewa mkuu, nimeachana na wazo. Ila kwa faida ya wengine: magazini ikikaa miezi imejaa, springi haichoki?

Jibu: Kinachoichosha zaidi ni kubanwa na kuachiwa mara nyingi kuliko kukaa imebanwa. Ila kwa magazini za bei hii, mwenye nazo azitoe risasi kila anapokwenda mazoezi, azipige hizo za zamani, aweke mpya.