Mnaishi pamoja bila cheti cha ndoa na mnataka PR ya Kanada? Anzeni na karatasi

Watu wakinipigia kuuliza habari za PR ya Kanada (ukaazi wa kudumu) kwa njia ya mwenza, swali lao la kwanza huwa ni "nijaze fomu gani", na mi huwa narudisha swali: mlianza kulala nyumba moja tarehe ngapi, na kuna karatasi gani inayosema hivyo? Hapo ndo unasikia kimya, halafu "aah si tunaishi tu, kila mtu anajua". Sasa ofisa wa uhamiaji hayumo kwenye huyo kila mtu.

Tuanze na jina maana linachanganya. Bongo tunaita sogea tukae, Wakenya wanasema kamwistei, Kanada wenyewe wanaita komon-lo (common-law), ila usidhani ni kitu kilekile. Kwao komon-lo ni watu wawili, wa jinsia tofauti au jinsia moja hawajali, walioishi pamoja kimapenzi nyumba moja kwa miezi 12 mfululizo. Neno la kushika hapo ni mfululizo. Miezi 4 ya mwaka juzi, 5 ya mwaka jana na 3 ya likizo huwezi kuijumlisha ukasema imetimia. Mmoja akisafiri wiki 3 kwenda kuzika nyumbani au kikazi haivunji hesabu, alimradi safari ni fupi na nyumba yenu ni ileile, we weka tiketi na ueleze. Na si lazima hiyo miezi mwe mmeishi Kanada, hata kama mlipanga Mwanza, Doha au Kampala inahesabika vizuri tu. Lakini iwe imetimia siku mnayotuma maombi, sio siku watakayoyafungua. Mi nashauri subiri hata uingie mwezi wa 13, haraka ya wiki mbili haina maana.

Unakuta mtu anauliza sasa nitaishije naye mwaka mzima na yeye hana makaratasi ya huku. Wengi wanafanya hivi: mwenza anakuja na viza ya matembezi, kwa kawaida anapewa miezi 6, na kabla haijaisha anaomba kuongezewa muda, akiomba kabla ya tarehe anaruhusiwa kubaki kihalali wakati anasubiri jibu. Wengine mmoja anakuja kama mwanafunzi. Kama haiwezekani kabisa kuishi pamoja wala kuoana kwa sababu kubwa isiyo mikononi mwenu, kuna kundi lingine tofauti la wapenzi waliozuiliwa, ila "viza ilikataliwa mara moja" peke yake huwa haitoshi, usilikimbilie.

Kabla hujaendelea, jiulize kwanza kama kweli nyinyi ni komon-lo au ni wanandoa msiojijua. Nacheka lakini ni kweli. Kama shehe alishawafungisha, au mahari ilitoka na ndoa ya kimila ikafanyika na sheria ya nchi yenu inaitambua, basi nyinyi ni mke na mume, mnaomba kama wanandoa, na hapo hakuna habari ya miezi 12. Kinyume chake ni ile ndoa ya simu, bwana harusi yuko Edmonton amepiga WhatsApp na bibi harusi yuko Mombasa na wazee wake. Tangu 11 Juni 2015 Kanada haiitambui kwenye uhamiaji ndoa ambayo mmoja hakuwepo pale pale. Watu wa hivyo wakishaishi pamoja mwaka ndo wanaweza kupita mlango wa komon-lo. Na ile ya Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 160, kwamba mkikaa miaka 2 mnadhaniwa mmeoana, hiyo ni dhana ya kupeleka mahakamani kwetu, usiitume Kanada ukadhani ni cheti.

Na kama bado una mke au mume wa zamani hamjaachana kisheria? Inawezekana kuwa komon-lo na mtu mwingine, ila uthibitishe ile ndoa ilishakufa na mmetengana kweli kwa angalau huo mwaka uliokaa na mwenza mpya. Mke wa kijijini na mwenza wa mjini kwa pamoja, hapana, hiyo hawapokei.

Sasa karatasi. Kuna fomu IMM 5409, ni kiapo cha kwamba mnaishi pamoja, mnasaini wote wawili mbele ya kamishna wa viapo au wakili. Watu wanaijaza wanadhani wamemaliza, kumbe kiapo ni maneno yenu na ofisa anataka maneno ya watu wengine wasiowajua: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, akaunti ya benki ya pamoja inayotumika kweli (sio ile mmeifungua juzi ina dola 50), bili ya umeme au intaneti, bima ya gari, leseni za udereva zenye anwani moja, kazini umemwandika nani kwenye bima na mirathi, barua za posta za kila mmoja kwenye nyumba ileile. Kitu kizuri ni tarehe kusambaa. Karatasi 12 za mwezi mmoja ni dhaifu kuliko karatasi 12 za miezi 12.

Kama mliishi Afrika Mashariki ndo shughuli inaanza, maana nyumba nyingi tunapanga kwa mdomo, kodi inatumwa kwa simu, na tokeni za umeme zinafuata mita hazina habari na jina lako. Usiende kutengeneza mkataba wa tarehe za nyuma, huo ni udanganyifu na ukikamatwa unafungiwa miaka 5. Badala yake mwenye nyumba aandike leo, kwa tarehe ya leo, kwamba hawa wawili walipanga kwangu kuanzia mwezi fulani, aape kwa wakili, na wewe uambatanishe taarifa ya M-Pesa inayoonyesha kodi ikienda kwake kila mwezi. Barua ya mtendaji wa mtaa au ya chifu nayo inasaidia, weka. Ila chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili lazima kitafsiriwe Kiingereza au Kifaransa na mtafsiri mwenye muhuri au aliyeapa, na asiwe wewe wala ndugu yako hata kama ni mwalimu wa Kiingereza. Hiyo inahusu na meseji. Mimi na mwenzangu tulipoomba, nilichagua kurasa zetu chache za WhatsApp nikaona utani wote uko kwa Kiswahili cha mtaani, mtafsiri akanipigia kuniuliza "kunibebisha" ni kitu gani. Chagua meseji za mambo ya nyumba, nani ananunua unga, nani anamchukua mtoto, hizo zinaongea zaidi ya mahaba. Msirundike pia, kwenye orodha yao wanataka picha zisizidi 20 na mawasiliano kama kurasa 10.

Hapa nikae kidogo maana ndo palipotuumiza sisi. Wengi wetu tunaishi kinyumba kwa siri. Mama akipiga simu ya video mwenzio anatoka sebuleni, ukienda nyumbani Krismasi au Idi unaenda peke yako, kwenye harusi ya dada hamkupiga picha pamoja, mtandaoni hakuna kitu. Kwetu hiyo ni heshima kwa wazazi. Kwenye faili inasomeka kama watu wawili wanaochangia kodi. Fomu ya maswali ya uhusiano, IMM 5532, inauliza ndugu na marafiki gani wanajua, mlitambulishwa lini, nani amekutana na nani, na sisi tulipofika hapo tukatazamana. Tulichofanya ni kusema ukweli: tukaandika barua ya ukurasa mmoja kueleza kwamba kwenye familia zetu kijana haleti mtu nyumbani kabla ya posa, tukaweka barua za marafiki watatu waliokuwa wanatutembelea, tukamwambia na dada mkubwa naye akaandika. Wazazi tukawaambia pia hatimaye, kikao kilikuwa kizito kuliko maombi yenyewe, mjomba aliuliza kama serikali ya Kanada ndo imekuwa mshenga.

Kosa lingine lilikuwa langu mwenyewe kabisa. Kodi ya mapato. Mamlaka ya kodi ya Kanada, CRA, nayo ina komon-lo yake ya miezi 12, na mkishatimiza mnatakiwa kuwaambia kufikia mwisho wa mwezi unaofuata. Mimi nilijaza singo kama miaka yote kwa mazoea. Ukiwaambia uhamiaji mnaishi pamoja tangu Machi na kodi unaiambia huna mtu, karatasi zako mwenyewe zinakukana. Nilirekebisha, nikalipa kidogo nilichodaiwa kwa marupurupu niliyopewa kama mtu peke yake, nikaweka taarifa mpya kwenye faili. Basi na wewe kabla ya kutuma, kusanya kila fomu uliyowahi kujaza, viza ya zamani, chuo, kazi, benki, uone uliandika nini kwenye hali ya ndoa. Kama kuna mahali uliandika singo wakati mlikuwa mshafikisha mwaka, eleza mwenyewe kwa barua, usisubiri waulize.

Hii ni kubwa zaidi kwa wewe sponsa, yaani unayemwombea mwenzio, uliyepata PR yako zamani, iwe kwa pointi au kwa kuletwa kutoka kambini Kakuma, Dadaab au Nyarugusu. Kama siku unaingia Kanada mlikuwa tayari mmeishi mwaka na mwenzio na hukumtaja, sheria inasema huyo mtu ambaye hukumtangaza ametolewa kwenye familia unayoweza kuisponsa. Watoto nao hivyo hivyo, pamoja na yule anayelelewa na bibi yake na ambaye huna mpango wa kumleta sasa. Mtaje, apimwe afya, aandikwe hasafiri. Mtoto anahesabika mpaka kabla ya miaka 22 kama hajaoa. Kama hili limeshakukuta usijaze kitu, tafuta mwanasheria wa uhamiaji kwanza, kuna sera ya kulegeza iliyoanza 2019 lakini si ya kujaribia mwenyewe.

Masharti ya sponsa mengine mepesi: miaka 18 kwenda juu, raia au PR (PR awe anakaa Kanada), asiwe anaishi kwa msaada wa serikali isipokuwa wa ulemavu, na kama yeye mwenyewe aliletwa na mwenza basi miaka 5 iwe imepita tangu apate PR. Kwa mwenza hakuna kipato cha chini kwa kawaida, watu wanadanganyana sana hapa. Ila unasaini kumtunza miaka 3, na mkiachana mwezi wa pili sahihi yako bado ipo palepale. Ukiishi Quebec kuna hatua za mkoa za ziada, mi sikupita huko.

Mkiwa wote Kanada mna njia mbili. Ya ndani, lazima muwe mnaishi pamoja hapo, na uzuri wake hata aliyepitiliza viza anaweza kuombewa, ubaya mkikataliwa hakuna rufaa kwenye baraza la rufaa za uhamiaji, na mwombaji akitoka nje ya nchi akazuiwa kurudi maombi yanakwama. Ya nje ina rufaa, na unaweza kuitumia hata kama upo ndani. Mwenye misiba na wazazi wazee nyumbani namshauri ya nje. Aliyeko ndani akishapata barua ya kupokelewa anaweza kuomba kibali cha kazi cha wazi (cha kufanya kazi kwa mwajiri yeyote), dola 255.

Gharama za maombi yenyewe, kwa viwango vilivyoanza 30 Aprili 2024, zilikuwa: 85 ya sponsa, 545 ya mwombaji, 575 ya haki ya ukaazi, jumla dola 1,205, na 85 ya alama za vidole. Huwa wanapandisha kila baada ya miaka 2, kwa hiyo angalia kwenye tovuti yao siku ya kulipa. Lipeni zote mara moja msibakize ile 575.

Mnatuma mtandaoni. Polisi: cheti cha kila nchi nje ya Kanada uliyokaa miezi 6 mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita tangu utimize 18. Mkenya anaomba Good Conduct kupitia eCitizen, Mtanzania anaenda polisi kwa alama za vidole. Aliyefanya kazi Ghuba aanze mapema kabisa, kukipata ukiwa ulishaondoka kule ni kazi. Afya ni kwa daktari waliyemteua wao tu, na mwenza hakataliwi kwa sababu matibabu yake ni ghali, kwa hiyo aliye na VVU au kisukari asiogope kusema.

Na uvumi mmoja niuue: ile PR ya masharti kwamba mkiachana kabla ya miaka 2 unanyang'anywa ilifutwa Aprili 2017. Mtu akikutishia nayo huku anakupiga, anakudanganya.

Jibu likija zuri mnapewa barua ya kuthibitisha ukaazi, halafu kadi inatumwa kwenye anwani ya Kanada. Usinunue tiketi ya kwenda kusalimia kabla kadi haijafika mkononi, maana kupanda ndege ya kurudi bila hiyo kadi utaanza kuomba hati ya safari ubalozini, na likizo yako ya wiki 4 itaishia kwenye foleni.